Unataka Kuwa Vegani Kisumo? Anzia Kibuye, Sare Supamaketi

Tuseme umeamka asubuhi moja umeamua: nyama basi, samaki basi, mayai na maziwa pia basi. Pengine ni video fulani ulicheki saa nane za usiku. Pengine mbuyu amepimwa presha, namba zikasoma juu, ukashtuka. Sababu ni yako. Shida ni kwamba unaishi Kisumo, na ukiambia mbogi yako form ni hiyo, swali la kwanza litakuwa: "Omera, sasa utakuwa unakula nini? Nyasi?"

Jibu fupi: utakula vile dani yako alikuwa anakula siku nyingi za wiki, kabla nyama iwe kitu ya kuagiza kwa simu. Lakini kuna mambo kadhaa lazima uyajue kabla ya kuanza, na moja likikupita linaweza kukuharibia mishipa ya fahamu polepole bila wewe kuskia kitu. Hilo si utani, tutalifikia.

Kwanza tuelewane. Vegani hali kitu chochote kilichotoka kwa mnyama: nyama, kuku, samaki, mayai, maziwa, siagi, samli, hata asali. Neno lenyewe lilitengenezwa Uingereza mwaka wa 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao. Na ndiyo, omena ni samaki. Najua kwenu omena huhesabiwa kama mboga, lakini ilikuwa na macho.

Pili, toa hii kwa akili: kuwa vegani si sawa na kula vizuri. Chips ni vegani. Soda ni vegani. Mkate mkavu na strungi ni vegani. Kuna wasee huacha nyama Jumatatu, wanaishi kwa chips na bhajia mpaka mwezi uishe, halafu wanasema hii maneno iliwashinda juu walikuwa wanaskia kizunguzungu. Haikuwashinda. Hawakuianza.

Si mambo ya wazungu

Kama unadhani hii ni tabia ya watu wa Instagram na maziwa ya almondi, kuna mama mmoja unafaa kumjua. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo cha JKUAT alikulia huku magharibi mwa Kenya na mwili wake ulikuwa unakataa vyakula vya wanyama. Kwa hivyo akalelewa kwa mboga za kienyeji. Alipofika chuo kusomea kilimo, akakuta hizo mboga zilizomkuza haziheshimiwi kabisa. Zilikuwa zinaitwa magugu. Akaamua hiyo ndiyo itakuwa kazi yake. Miaka mingi alifundisha na kufanya utafiti Chuo Kikuu cha Maseno, hapo tu ukishika barabara ya Busia, kabla ya kuenda JKUAT. Kazi yake ni mojawapo ya sababu leo unapata saga na managu kwa rafu za supamaketi Nairobi, kwa bei ambayo mama wa Kibuye akiiskia atacheka hadi aketi chini.

Halafu kuna Wasabato. Kanisa lao lilifika ufuoni mwa ziwa mwaka wa 1906, misheni ikawekwa Gendia karibu na Kendu Bay, na hawajawahi kuacha kuhubiri chakula cha mimea. Tuseme ukweli, Wasabato wengi wa huku ngege hawaikatai. Wanachokataa ni mumi, juu haina magamba. Lakini karibu kila mtaa Kisumo uko na mathe mmoja Msabato ambaye amepika bila nyama miaka yote hiyo. Huyo mathe anajua vitu ambavyo TikTok haitakuambia. Enda umsalimie.

Jumapili Kibuye

Soko ni kila siku, lakini Jumapili ndiyo Kibuye hufurika mpaka kando ya barabara ya Kakamega. Beba begi yako. Kwa upande wa mboga utapata osuga, ambayo wengine huita managu. Dek, yaani saga. Apoth, ile mrenda ya kuteleza. Mito. Boo, ambayo ni kunde. Ododo, yaani terere. Susa, majani ya malenge. Hizo ni mboga saba na bado hujataja sukuma wiki. Upande mwingine kuna njugu na simsim, madondo ya rangi zote, ndengu, soya, wimbi, mtama, viazi vitamu vya Kabondo, nduma na ndizi kutoka Kisii, mchele wa Ahero. Parachichi zikiwa msimu ni karibu za bure.

Ukihesabu bei ya hayo yote uweke kando ya bei ya samaki mzima siku hizi, utaona ganji inabaki. Na huyo samaki mwenyewe, kuna uwezekano alifika Kisumo akiwa barafu kutoka Uchina. Hiyo story tuiache hapo.

Kitu kimoja cha kuangalia sana sokoni ni njugu. Utakuwa unazila kwa wingi, kwa hivyo chagua. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au harufu ya kuoza, usichukue hata kama unapunguziwa. Ukungu huo hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo inashambulia maini, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu hiyo hiyo yaliua watu 125, wengi wao Ukambani. Nunua njugu nzima uchambue mwenyewe. Njugu za kusagwa huwezi jua zilikuwaje kabla.

Maziwa yako ndani ya mboga

Hapa ndipo vegani wengi wa Kisumo huanguka bila kujua. Umekataa nyama, umekataa samaki, umeingia kibanda fulani Kondele ukaagiza ugali na osuga ukijiskia mtakatifu. Jaribu kuuliza:

"Mathe, hii mboga iko na maziwa?"

"Kwani mboga bila maziwa ni mboga, mwanangu?"

Ako na haki yake. Osuga na dek ni chungu, na njia ya huku ya kuua uchungu ni kupika, kumwaga maziwa au krimu, kisha kupasha tena na tena siku mbili au tatu mpaka zilainike. Wengine wanamalizia na samli. Chapo nazo zinaweza kuwa zimekandwa na maziwa au siagi. Mandazi, mayai. Hata madondo yanaweza kuwa yamechapwa na supu ya nyama. Uliza kila mahali, uliza kwa heshima, na uulize kabla ya kupakuliwa. Ukiuliza baada ya sahani kufika mezani unamharibia mtu biashara.

Dawa ya maziwa iko tayari, na si ya kununua kwa paketi: ni njugu. Chukua kikombe kimoja cha njugu, zikaange bila mafuta mpaka ngozi ianze kutoka, pepeta, twanga au saga mpaka ziwe laini. Koroga na maji vuguvugu mpaka ipatikane kitu kama uji mzito. Kando, changanya mboga. Usipike osuga peke yake kama hujazoea. Weka nusu osuga na dek, nusu nyingine iwe boo, ododo au susa, ambazo ni tamu na zinameza ule uchungu. Chemsha kwa maji kidogo, kama dakika kumi na tano. Kaanga kitunguu na nyanya, weka mboga, halafu mimina njugu, punguza moto, na ukoroge juu njugu hushika chini ya sufuria haraka kuliko unavyodhani. Dakika kumi zingine. Kamua ndimu ukishaepua.

Siku ya kwanza utaona ni sawa tu. Siku ya pili, ukipasha, ndiyo utaelewa. Na kama njugu zimekuchosha, simsim iliyokaangwa na kusagwa inafanya kazi hiyo hiyo.

Kuhusu magadi: apoth na mito watu hupika na magadi ili zilainike. Weka kidogo sana. Magadi mengi huua vitamini C na baadhi ya vitamini B, na wewe sasa hauna vitamini za kuchezea.

Protini: usiogope, lakini hesabu

"Protini utatoa wapi?" Utaulizwa hii mpaka uchoke. Hesabu ya kawaida kwa mtu mzima ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito. Una kilo 60? Unahitaji kama gramu 48 kwa siku. Kikombe cha madondo yaliyoiva kina kama 15. Cha ndengu, karibu 14. Njugu za mkono mmoja, kama 7. Ongeza kidogo kidogo kutoka kwa ugali, uji na mboga zenyewe, umefika bila jasho. Ukiwa unainua vyuma jim, ongeza soya.

Nyoyo, lile githeri la huku, si chakula cha shida vile watu husema. Mahindi yana upungufu wa aina moja ya protini ambayo maharagwe yako nayo, na maharagwe yana upungufu wa nyingine ambayo mahindi yako nayo. Zikipatana ndani ya sufuria moja, kila moja inaziba pengo la mwenzake. Wazee hawakuwa na maabara, lakini walifika hapo.

Ila uanze polepole. Tumbo ambalo limezoea kuku halitapokea vikombe vitatu vya madondo kwa siku bila kelele, na keja za Nyalenda kuta zake si nzito. Loweka usiku mzima, mwaga hayo maji, pika na maji mapya. Wiki ya kwanza kula nusu kikombe, halafu upandishe.

Chuma, na chai yako ya saa nne

Huku ziwani malaria haijatuacha, na malaria inakula damu. Kwa hivyo madini ya chuma si ya kuchezea, hasa kwa manzi ambaye hupoteza damu kila mwezi. Chuma cha mimea kipo, lakini mwili hukishika kwa shida kuliko kile cha nyama. Kuna mbinu mbili ambazo hazigharimu chochote.

Ya kwanza: weka vitamini C kwa sahani hiyo hiyo. Ndimu juu ya mboga, nyanya mbichi, chungwa au pera baada ya kula. Ya pili: toa chai mezani. Chai na kahawa hufunga chuma tumboni kisiingie kwa damu, na strungi hufanya hivyo sawasawa na chai ya maziwa. Kunywa saa moja kabla ya kula au saa moja baadaye. Uji nao, ule uliochachushwa siku moja au mbili, ni bora kuliko ule wa haraka, kwa sababu kuchacha huvunja vitu vinavyofunga chuma na zinki kwa nafaka.

Kama una seli mundu, ugonjwa ambao uko kwa wingi ukanda huu wetu, usibadilishe chakula wala kumeza tembe za chuma bila kuongea na kliniki yako. Hivyo hivyo ukiwa na mimba au unanyonyesha.

Halafu kuna kalsiamu. Omena tulikuwa tunakula na mifupa yake, na hiyo mifupa ilikuwa inafanya kazi kubwa. Badala yake weka sukuma wiki, dek, na simsim ambayo haijatolewa ganda. Terere ni mboga poa, lakini kalsiamu yake nyingi imefungwa na asidi yake yenyewe, kwa hivyo usiitegemee peke yake. Iodini utapata kwa chumvi ya dukani, juu sheria ya Kenya inalazimisha iwekwe. Ile chumvi ya kifahari ya rangi ya waridi mara nyingi haina. Mafuta mazuri ya samaki utayakaribia kwa kijiko cha chia kwa uji.

B12: hapa nisikilize

Hii ndiyo ile niliyosema tutafikia. Vitamini B12 inatengenezwa na bakteria, na inatufikia kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Osuga haina. Njugu hazina. Apoth haina, hata ukila gunia. Hakuna mmea wa Kibuye wala wa dunia nzima ambao unaweza kuutegemea kwa B12. Spirulina utauziwa na mtu akiapa kwamba iko nayo. Ile iliyomo kwa sehemu kubwa ni mfano tu wa B12, mwili hauwezi kuitumia.

Ubaya wake ni vile inakuja. Maini yako yana akiba ya miaka, kwa hivyo ukiacha nyama leo, mwezi wa kwanza uko fiti. Mwaka wa kwanza uko fiti, unashinda ukiambia watu vile uko fiti. Halafu taratibu, miaka miwili au mitatu mbele, vidole vinaanza kufa ganzi. Miguu inawashawasha. Ulimi unauma, unasahau vitu, unachoka bila sababu. Unadhani ni malaria, unameza dawa, haishi. Mishipa ya fahamu ikishaharibika sana, mingine hairudi.

Na kuna mtego ambao unawanasa hasa wanaokula mboga kwa wingi. Mboga za kijani zina foleti tele, na foleti ikiwa nyingi inaweza kuficha dalili ya upungufu wa B12 kwa damu. Kipimo cha kawaida cha damu kinatoka safi huku mishipa inaendelea kuumia. Kwa hivyo ukienda hospitali, mwambie daktari waziwazi: mimi sili kitu cha mnyama, naomba B12 yenyewe ipimwe.

Suluhu ni rahisi na haina mjadala: meza tembe. Chama cha vegani cha Uingereza, kile kile cha 1944, kinashauri angalau mikrogramu 10 kila siku, au mikrogramu 2000 mara moja kwa wiki. Ukifika kemisti usiseme tu "nipe vitamini". Soma mgongo wa chupa uone imeandikwa B12 na ni kiasi gani. Tangu 2012 unga wa mahindi na ngano wa paketi nchini unafaa kuongezwa vitamini na madini kwa lazima, B12 ikiwemo, na hiyo inasaidia kidogo, lakini haitoshi kukubeba. Na kama unasaga yako kwa posho mill, hakuna kilichoongezwa. Mtu yeyote anayetumia metformin kwa ajili ya sukari achunge zaidi, juu dawa hiyo nayo hushusha B12.

Kama hauko tayari kununua hizo tembe kila mara zikiisha, bakisha mayai au maziwa kwa dishi lako. Afadhali hivyo.

Siku ya kawaida inakaa aje

Asubuhi, uji wa wimbi na mtama uliochacha, njugu mkononi, kipande cha kiazi kitamu. Mchana uko tao na hauna wakati: madondo au ndengu na chapo moja, kachumbari, parachichi, baada ya kuuliza maswali yako. Ukikosa kibanda cha kuaminika, beba nyoyo kwa mkebe. Jioni, ugali na zile mboga zako za njugu. Tunda lolote. Tembe yako. Hapo hakuna kitu cha kuagiza kutoka ng'ambo.

Usiache vyote siku moja kama hujiwezi. Wengi hufaulu wakianza na nyama, wanamalizana na kuku, halafu maziwa, na samaki ndiyo wa mwisho, kwa sababu huku samaki si chakula tu. Utapita Dunga jioni, harufu ya ngege kwa mafuta moto itakushika shati. Pita tu.

Ngumu zaidi ni ocha. Umeenda kusalimia, dani amekimbiza jogoo mwenyewe boma nzima kwa sababu wewe umekuja. Ukifika mezani ukasema "mimi sili", hujakataa kuku, umemkataa yeye. Kwa hivyo piga simu siku mbili kabla. Usimpe hotuba kuhusu wanyama wala kuhusu hali ya hewa duniani. Mwambie tu: "Dani, nakuja Jumamosi. Mwili wangu siku hizi unataka mboga zako pekee. Naomba uniwekee zangu kando kabla hujatia maziwa. Njugu nitakuja nazo."

Atanyamaza kidogo. Atauliza kama ni ugonjwa. Atauliza kama ni kanisa jipya. Halafu atauliza kama angalau omena utakula, na hapo itabidi umwambie.